Farasi wa Plau Bado Yumo Shambani

Kila karani aliyewahi kupokea karatasi za kuagiza trekta anajua kwamba hapana budi kujaza mahali palipoandikwa nguvu za farasi. Hesabu hiyo ilianzishwa na James Watt, fundi wa Kiskoti, katika miaka ya 1780, alipokuwa akiwauzia wenye viwanda mashine zake za mvuke. Watu hao walikuwa wakitumia farasi kuzungusha mitambo yao, nao waliuliza swali ambalo mkulima yeyote angaliuliza: Mashine hii itanipunguzia farasi wangapi? Watt akapiga hesabu, akasema kwamba farasi mmoja aweza kuinua ratili 33,000 kwa kimo cha futi moja katika dakika moja. Basi mashine iliyomfukuza farasi shambani ingali ikipimwa kwa farasi hata leo.

Mtu angedhani kwamba farasi wa plau sasa amebaki katika picha na majumba ya makumbusho. Sivyo. Wako wakulima Uingereza, Ireland na Ufaransa, na wengi zaidi huko Marekani, ambao hulima kwa farasi kila mwaka. Hao si watu wasiojua kusoma, wala si wote waliokosa fedha za trekta. Baadhi yao hupata faida nzuri mahali ambapo jirani yao mwenye mashine ameshindwa kulipa deni la benki. Jambo hilo lastahili kuangaliwa na mkulima wa nchi yetu, ambaye mara nyingi huambiwa kwamba kulima kwa mnyama ni alama ya kubaki nyuma.

Kwanza tumweleze farasi mwenyewe. Wengi wetu tumewaona farasi wa mbio pale Nairobi katika uwanja wa Ngong Road, au farasi wa polisi. Hao ni wembamba wa miguu na wepesi wa kushtuka. Farasi wa plau ni kiumbe kingine kabisa. Aina iitwayo Shire, ya Uingereza, hufikia kimo cha futi 5 na inchi 8 begani, na wengine huzidi hapo. Mtu wa urefu wa kadiri akisimama ubavuni pake haoni ng'ambo ya mgongo. Uzito wake huwa kama ratili 2,000, yaani kilo 900, na dume hupita hapo kwa urahisi. Waskoti wana Clydesdale, aliyepewa jina la bonde la mto Clyde. Wafaransa wana Percheron, na Wabelgiji wana farasi wao mnene wa rangi ya manjano iliyoiva, ambaye amependwa sana Marekani.

Mimi katika hao wote humsifu Suffolk, wa mashariki ya Uingereza. Rangi yake ni moja tu, nyekundu ya hudhurungi, na farasi wote wa kabila hilo walioko leo hufuatwa nasaba yao mpaka kwa dume mmoja aliyezaliwa mwaka 1768. Shire na Clydesdale wana manyoya marefu miguuni kama suruali pana, lakini Suffolk hana. Sababu yake ni udongo. Nchi ya Suffolk ina udongo mzito wa mfinyanzi, na farasi mwenye manyoya miguuni angerudi nyumbani kila jioni na mzigo wa matope wa kuoshwa. Wakulima walichagua kwa miaka mingi, kizazi kwa kizazi, mpaka wakapata mnyama aliyeifaa ardhi yao. Yeyote aliyesikiliza masomo ya Bwana Mifugo juu ya kuchagua dume ataelewa kazi hiyo.

Ng'ombe huvuta kwa nira iliyokaa mbele ya nundu. Farasi hana nundu, kwa hiyo hufungwa pete kubwa ya ngozi iliyojazwa majani makavu, nayo hulala juu ya mabega yake yote mawili. Wachina waliitumia pete ya namna hiyo kabla ya watu wa Ulaya. Ikimkaa vizuri, farasi huegemeza uzito wake wote mbele na mzigo ukaenda. Isipomkaa vizuri humchubua, na farasi mwenye kidonda begani hafanyi kazi hata kwa fimbo. Ndiyo maana mshona ngozi alikuwa mtu mkubwa katika vijiji vya Uingereza, sawa na mhunzi aliyemfunga farasi viatu vya chuma.

Kazi ya siku moja kwa farasi wawili na plau ya ulimi mmoja ilikuwa eka moja. Msomaji apendaye hesabu na aipige mwenyewe. Eka ni futi za mraba 43,560. Plau hukata mfuo wa upana wa inchi 9, ambazo ni robo tatu ya futi. Ukigawanya utapata futi 58,080, nazo ni maili 11 kamili. Basi mtu aliyelima eka moja alitembea maili 11 nyuma ya farasi wake, juu ya udongo uliopinduliwa, bila kuhesabu kugeuka mwisho wa shamba. Kesho yake akarudia. Mfuo wa kale wa Waingereza ulikuwa na urefu wa yadi 220, na kipimo hicho kingali kikitumika katika mbio za farasi, ingawa wachezao kamari huko hawafikiri habari za plau.

Farasi ana tumbo dogo kwa ukubwa wake, tena hacheui kama ng'ombe, kwa hiyo hawezi kujazwa chakula kwa haraka na kutolewa kazini. Mtunza farasi aliamka saa kumi za usiku kuwalisha kidogo kidogo, akawasugua na kuwavika, ili saa kumi na mbili na nusu waingie shambani. Mwandishi George Ewart Evans, aliyekaa katika kijiji cha Blaxhall huko Suffolk, aliwasikiliza wazee wa kazi hiyo na kuandika maneno yao kabla hawajafa. Kitabu chake juu ya farasi wa shamba kilitoka mwaka 1960. Humo tunasoma jinsi wazee hao walivyoshindana kwa unyofu wa mifuo yao, na jinsi walivyotumia fedha zao wenyewe, katika mshahara mdogo, kununua shaba za kumpamba farasi ambaye hakuwa mali yao.

Tena walikuwa na siri. Upande wa kaskazini-mashariki mwa Uskoti vijana wa plau walikuwa na chama chao, na aliyetaka kuingia aliitwa usiku ghalani akiwa amechukua mkate na chupa ya wiski. Aliapishwa asiandike wala asitamke neno atakalofundishwa, nalo ndilo lililosemekana kumpa mtu uwezo wa kumtiisha farasi yeyote. Huko Suffolk wengine walitumia mfupa wa chura. Evans alichunguza akaona kwamba nguvu ya siri hizo ilikuwa katika pua ya farasi. Farasi hunusa kwa ukali sana. Ukipaka kizingiti dawa yenye harufu anayoichukia hatapita hata apigwe, na ukijipaka mafuta ya mimea anayoipenda atakufuata kama mbwa. Mfupa na kiapo vilikuwa pazia la kuficha elimu hiyo, mwenye shamba asiijue, kwa maana mtunza farasi mwenye siri hakufukuzwa kazi ovyo. Wasomaji waliokulia jirani na waganga hawatastaajabu.

Dunia hiyo ilivunjika upesi. Mwaka 1914 jeshi la Uingereza lilichukua farasi zaidi ya 100,000 kutoka mashambani na mijini katika majuma ya kwanza ya vita, na wengi mno hawakurudi. Baadaye likaja trekta. Harry Ferguson, mwana wa mkulima wa Ireland ya Kaskazini, alibuni trekta dogo la rangi ya kijivu ambalo plau yake hushikamana nalo na kuinuliwa kwa nguvu ya mafuta. Kati ya mwaka 1946 na 1956 matrekta ya namna hiyo zaidi ya 500,000 yalitengenezwa katika mji wa Coventry, na baadhi yao yalifika hata mashamba ya Kenya. Lilikuwa na nguvu za farasi kama 20 tu, lakini halikula siku ya Jumapili. Huko Marekani, ambako farasi na nyumbu walipita milioni 25 wakati wa vita vya kwanza, walibaki kama milioni 3 ilipofika mwaka 1960. Wengi hawakufa kwa uzee, walipelekwa machinjioni.

Suffolk nusura atoweke kabisa. Mwaka 1966 waliandikishwa watoto 9 tu wa kabila hilo. Sehemu ya wokovu wake ilitoka mahali ambapo mtu hangepatazamia, yaani gerezani. Pwani ya Suffolk, pale Hollesley Bay, Serikali ilikuwa na chuo cha vijana waliohukumiwa, nacho kilirithi shamba pamoja na kundi la farasi hao. Kwa miaka mingi vijana waliohukumiwa kwa wizi na kupigana walipewa farasi wa ratili 2,000 wawaongoze, wawasafishe na kulima nao. Mtu hawezi kumtisha mnyama wa uzito huo. Ajifunze subira asipende. Mwaka 2006 Serikali iliuza kundi hilo, likachukuliwa na amana iliyoundwa ili kulihifadhi.

Hapa msomaji atauliza kwa nini farasi hakupata kuvuta plau kwetu. Jibu lake si uvivu. Kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoletwa na usubi warukao jioni na usiku, nao huweza kuua hata farasi 9 kati ya 10 wasio na kinga. Punda milia hubeba ugonjwa huo bila kuumwa, kwa hiyo haumaliziki porini. Ipo chanjo, lakini kwa mkulima mdogo farasi mmoja ni mtaji mkubwa wa kuweka mbele ya kidudu kidogo. Mahali pengine mbung'o humaliza kazi. Hata Makaburu waliohamia Uasin Gishu mwaka 1908 walifika kwa magari yaliyokokotwa na ng'ombe, na ng'ombe ndio waliovunja ardhi ile. Ukambani plau ya ng'ombe ilizoeleka kabla ya vita vya pili. Punda naye amebeba maji na mizigo ya nchi hii kwa miaka isiyohesabika, bila mtu kumwandikia kitabu.

Wala trekta peke yake si jawabu la kila ardhi. Wazee wa Tanganyika wanakumbuka mpango wa karanga wa Kongwa, ulioanzishwa na Serikali ya Uingereza mwaka 1947 kwa matrekta yaliyokuwa yamebaki baada ya vita, na hata kwa vifaru vilivyogeuzwa kuwa mashine za kung'olea miti. Udongo ulikauka ukawa kama tofali, mvua haikuja kama ilivyotarajiwa, na mashine zikaharibika kwa mamia. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, baada ya kula pauni milioni 36.

Sasa tuwatazame wale ambao hawakumwacha farasi. Walio wengi ni Waamish, Wakristo ambao babu zao walihama Ulaya katika karne ya 18 wakakaa Pennsylvania, na baadaye Ohio, Indiana na majimbo mengine. Nyumbani husema lahaja ya Kijerumani. Mwaka 2024 idadi yao ilifika watu 400,000 hivi, nao huongezeka maradufu kila miaka 20 au zaidi kidogo, kwa kuwa huzaa watoto wengi na vijana walio wengi hubaki katika imani ya wazazi. Trekta lilipofika, wazee wa makanisa yao walikaa wakashauriana. Hawakusema kwamba mashine ni dhambi. Waliuliza itawafanyia nini majirani. Waliona kwamba mtu mwenye trekta atataka shamba kubwa ili lilipe bei yake, na shamba kubwa litapatikana kwa kununua la jirani, na jirani akiondoka, nani atakuja kusaidia kupandisha paa la ghala? Pia waliogopa kwamba trekta lenye matairi ya mpira litakuwa motokaa ya kwendea mjini. Basi wengi wao waliamua kwamba injini itakaa uani kuzungusha mashine za kupura na kukata majani, lakini shambani atavuta farasi.

Uamuzi huo haukuwafanya wakae na vyombo vya babu zao. Wana mafundi waundao plau mpya za chuma, zenye kiti cha kukalia na ndimi mbili, za kukokotwa na farasi watano au sita waliopangwa safu. Wana mashine za kufunga majani zenye injini juu yake, zikivutwa na farasi mbele. Tangu miaka ya 1990 hufanya maonyesho makubwa kila mwaka, kila mara katika jimbo jingine, ambako mafundi huonyesha vyombo vipya shambani na wakulima hutoka mbali kuvitazama. Huko Lancaster, Pennsylvania, wengi hutumia nyumbu, maana hustahimili joto na hula kwa kiasi. Ohio na Indiana hupenda farasi wa Ubelgiji.

Tena farasi huchoka, na Waamish huhesabu jambo hilo kuwa faida. Mtu mwenye farasi hulazimika kusimama mwisho wa mfuo wanyama wapumue. David Kline, mkulima wa Kiamish wa Ohio ambaye pia ni mwandishi, alitoa mwaka 1990 kitabu kilichojaa habari za ndege na mimea aliyoiona akiwa shambani, na ni vigumu kufikiri kwamba angaliona nusu ya hayo akiwa juu ya injini yenye makelele. Farasi sita hadi wanane hutosha shamba la eka 80, na mwenye farasi hao hawezi kulima eka 800 hata akitamani. Kwa hiyo mahali pa shamba moja kubwa pana familia kumi, na kwa familia kumi pana duka, shule na mhunzi. Vijiji vingi vya wazungu wenzao katika nchi hiyohiyo vimebaki na nyumba zilizofungwa milango.

Wala nisimpambe farasi kupita haki yake. Farasi hula awe kazini au asiwe. Wakati wa farasi wengi, karibu robo ya ardhi iliyolimwa Marekani ilitumika kuwalisha wao na nyumbu, na ardhi hiyo ikarudi kulisha watu trekta lilipoingia. Atakaye kulima mahindi ya biashara eka elfu hana la kufanya na farasi. Ng'ombe wa plau akizeeka huliwa au huuzwa buchani, bali Mwingereza kwa desturi hali farasi, ingawa Mfaransa hula bila kusita. Hata miongoni mwa Waamish, wanaume wengi siku hizi hawalimi tena. Ardhi imekuwa ghali, nao wamegeukia useremala na ujenzi.

Lakini katika hesabu ya faida farasi ana safu ambazo trekta halina. Samadi yake hurudi shambani. Mafuta yake huota palepale, wala bei yake haipandi kwa sababu ya vita vya nchi za mbali. Jike hufanya kazi na kuzaa, na hakuna trekta lililopata kuzaa trekta. Mwenye shamba dogo asiyelima kwa mkopo hulala usingizi hata mvua ikichelewa. Nimewasikia makarani wenzangu wakicheka hoja ya samadi, lakini wao hununua mbolea kwa magunia kila msimu kutoka katika mshahara, na ng'ombe wamewauza.

Huko Ufaransa sababu ni nyingine. Wenye mashamba ya mizabibu waligundua kwamba trekta lipitapo kila mara kati ya mistari hukandamiza udongo mpaka mizizi na maji havipiti. Shamba maarufu la Château Pontet-Canet, karibu na Bordeaux, lilianza kurudisha farasi mwaka 2008, na kuna mengine mashuhuri yaliyofanya hivyo. Kwato la farasi mzito si jepesi, lakini hukanyaga hapa na pale, halitandiki mstari mmoja kama gurudumu. Kwa sababu hiyohiyo farasi hutumika katika misitu ya Uingereza kuvuta magogo mahali ambapo mashine ingevunja miche na kuchimba mitaro.

Mapenzi nayo yapo. Ireland ilianzisha mashindano ya kitaifa ya kulima mwaka 1931, yaliyotokana na ubishi baina ya watu wa Wexford na wa Kildare juu ya nani anajua kulima. Siku hizi ni soko kubwa la wakulima, na kwa siku tatu hupokea wageni zaidi ya 200,000, wengi wakitazama matrekta ya bei ya nyumba. Hata hivyo lipo shindano la plau za farasi, na watu husimama kando ya uzio wakitazama mtu mmoja akitembea nyuma ya wanyama wawili. Hakuna mtoto wa kushika kamba mbele, kama tufanyavyo kwa ng'ombe wetu na kumnyima shule. Hatamu mbili na sauti yatosha, neno moja la kulia na jingine la kushoto.

Hatari iliyobaki ni kwamba mnyama na mjuzi wake watoweke pamoja. Suffolk angali katika orodha ya makabila ya mifugo yaliyo hatarini sana Uingereza. Mwaka 2020 alizaliwa mtoto jike kutokana na mbegu zilizochaguliwa na wataalamu ili azaliwe jike, kwa kuwa majike wa kuzalisha ni wachache mno. Mtoto wa namna hiyo hafundishwi na mtu peke yake. Akitimiza miaka miwili hufungwa ubavuni pa farasi mzee mtulivu, akavuta mzigo mwepesi kwa muda mfupi, siku baada ya siku. Akitaka kukimbia, mzee hukaza mwendo uleule. Akishtuka kwa karatasi iliyopeperushwa, humwona mzee hakushtuka. Akifikia miaka minne yuko tayari kwa kazi nzima, na akitunzwa atavuta mpaka apite miaka 15, na katika miaka yake ya mwisho atafungwa yeye upande wa mzee, na mwingine mdogo upande wa pili.